Fanny au Felix Mendelssohn: uanze kumsikiliza nani?

Ukihudhuria harusi ya kanisani, muziki wa kutokea unaujua hata kama jina lake hulijui. Sahihi zimeshatiwa, cheti kimeinuliwa juu watu wakione, mpiga kinanda anatafuta sauti ya tarumbeta, na akina mama wanapiga vigelegele kabla bibi harusi hajageuka vizuri. Ni kazi ya Felix Mendelssohn, Mjerumani, aliyeiandika mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Nimeipiga mwenyewe Jumamosi nyingi, nyingine kwa kinanda chenye vibonyezo viwili vilivyokufa, miaka mingi kabla sijajua kwamba Felix alikuwa na dada, na kwamba dada huyo naye aliandika muziki wa harusi. Wa harusi yake mwenyewe.

Dada anaitwa Fanny. Alizaliwa Hamburg tarehe 14 Novemba 1805. Felix alimfuata Februari 1809. Fanny alipokuwa anaolewa na mchoraji Wilhelm Hensel mwaka 1829, Felix alikuwa Uingereza, na alikuwa ameahidi kumwandikia dada muziki wa kinanda wa siku hiyo. Akapata ajali ya gari la farasi London, mguu ukaumia, muziki haukufika na mwenyewe hakufika. Basi usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba, saa ambazo bibi harusi wa pwani angekuwa amenyoosha mikono hina ikauke, Fanny alikuwa mezani Berlin anaandika kipande cha kutokea kanisani.

Habari za Fanny huandikwa kwa machozi: maskini dada, kaka akapewa yote. Machozi hayo yana haki yake, na nitayagusa. Lakini mtu mwenye bando la saa moja na hedifoni masikioni ana swali jingine kabisa: abonyeze jina gani? Kwa Nannerl, dada yake Mozart, swali hilo haliulizwi, maana hakuna kazi yake hata moja iliyobaki ya kubonyeza. Kwa Fanny tuna kazi zaidi ya 450. Anaweza kuwekwa mezani na kaka yake, kazi kwa kazi, na mara nyingine ufunguo kwa ufunguo, yaani noti ileile ya nyumbani. Nami nasema mapema: ukimsikiliza kwa kumhurumia utamkosa.

Shule moja, vyumba viwili

Walifundishwa na watu walewale. Ludwig Berger aliwafundisha piano, Carl Friedrich Zelter akawafundisha kutunga, na wote wawili wakalishwa muziki wa Bach, mtunzi mkubwa wa Kijerumani aliyewatangulia, mpaka akawatoka puani. Fanny alipokuwa na miaka 13 alimpigia baba yake preludi 24 za Bach, vipande vifupi vya kinanda, bila karatasi mbele yake. Mama yake, siku alipomzaa, alisema mtoto ana vidole vya kupigia fuga za Bach, muziki ambao sauti zake hufukuzana. Miaka 13 baadaye hakuna aliyekuwa na ubishi.

Halafu ikaja barua ya mwaka 1820. Baba, Abraham, tajiri wa benki na mtoto wa mwanafalsafa Moses Mendelssohn, alimwandikia binti yake wa miaka 14 kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi, lakini kwake yeye unaweza na unapaswa kuwa pambo tu. Pambo! Kama ua la plastiki juu ya televisheni. Na si kwamba nyumba ile ilimkataza muziki. Ilimnunulia walimu bora Berlin. Ilichomkataza ni kuuza. Clara Wieck, ambaye baadaye alikuwa mke wa mtunzi Robert Schumann, alipanda jukwaani tangu utotoni kwa sababu baba yake alikuwa mwalimu wa piano na jukwaa lilikuwa riziki. Binti wa mwenye benki akipokea pesa za kiingilio, ingekuwa fedheha ya ukoo.

Kwa hiyo Felix akaenda London, Scotland, Italia, na kuanzia 1835 akaongoza okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig. Fanny akabaki nyumba namba 3, Leipziger Straße, Berlin, ambako Jumapili alifungua ukumbi wa bustanini, akaita waimbaji na wapigaji, akaongoza mwenyewe. Liszt, mpiga piano maarufu, alipita pale. Hadharani, mbele ya watu waliokata tiketi, Fanny anajulikana kupiga mara moja, mwaka 1838, kwenye tamasha la hisani. Alipiga nini? Konseto, kazi ya piano na okestra, ya kaka yake.

Nimelieleza hili kwa sababu linasikika. Felix anaandika kama mtu anayejua kwamba aliye kiti cha mwisho kabisa naye amelipa. Fanny anaandika kwa chumba ambamo anazijua sura zote, anaweza kusema nusu ya sentensi na wakaelewa. Ukishaisikia tofauti hiyo hutaisahau, hata ukifunikwa macho.

Jozi ya kwanza: trio na trio

Hapa ndipo ningemwanzishia mtu yeyote. Trio ni kazi ya watu watatu: piano, fidla na selo. Felix aliandika ya kwake, opus 49 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), mwaka 1839. Fanny akaandika opus 11 katika majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847. Zote ziko kwenye ufunguo wa D mdogo, yaani, kwa watu wa sol-fa, tuni yake nyumbani kwake ni la, si do. Zote zina sehemu nne. Huwezi kupata mizani iliyonyooka zaidi.

Ya Felix inaanza na selo. Piano inaitilia mapigo madogomadogo kwa chini, na selo inaimba tuni ndefu ambayo utashuka nayo kwenye daladala ukiipiga mluzi. Baada ya muda mfupi piano inachukua hatamu na kumwaga noti kama aliyepasua gunia la mchele, lakini tuni haipotei hata dakika moja. Schumann aliposikia kazi hii aliisifia kuwa ndiyo trio kubwa ya zama zake. Sehemu ya tatu ni skerzo, mbio nyepesi, rasharasha ya mvua juu ya bati. Hakuna mtu wa karne ile, mwanamke kwa mwanamume, aliyemfikia Felix kwa kitu cha aina hii.

Ya Fanny inaanza kwa kuchemka. Piano iko chini inakimbia, huijui bado inakwenda wapi, kisha fidla na selo zinaingia pamoja na tuni ileile, moja juu moja chini, kama soprano na tenor walioambiwa na mwalimu wa kwaya waimbe sauti moja ili kanisa lisikie maneno. Nywele zinasimama. Mimi kwa mwanzo nachukua wa Fanny, na sina haja ya kufikiri mara mbili. Sehemu ya tatu ndiyo inayoonyesha tabia yake: pale ambapo kaka aliweka mbio, yeye ameweka wimbo, na ameupa jina hilohilo, Wimbo. Ni mfupi, wa dakika mbili hivi, umeisha kabla hujatosheka. Kisha sehemu ya mwisho inafunguliwa na piano peke yake, inazungumza yenyewe kama mama aliyebaki jikoni wageni wakishaondoka, halafu wenzake wanaingia.

Kasoro? Ipo. Kwa Fanny piano ndiyo mwenye nyumba, na kuna mahali fidla na selo zinafuata tu. Kwa Felix kazi imegawanywa kwa haki zaidi. Kwa sikio ambalo halijawahi kusikia trio yoyote, anza na Felix, tuni itakushika mkono. Kwa sikio ambalo limeshazoea, Fanny. Lakini zisikilize usiku mmoja, zote mbili haziwezi kukumalizia saa moja.

Kumbuka pia kwamba ya Fanny ilipigwa mara ya kwanza tarehe 11 Aprili 1847, kwenye siku ya kuzaliwa ya mdogo wao Rebecka. Ilichapwa mwaka 1850. Kati ya tarehe hizo mbili yeye mwenyewe alishafariki.

Jozi ya pili: nyuzi nne

Wote wawili wana kwarteti ya nyuzi, yaani kazi ya fidla mbili, viola na selo, kwenye ufunguo wa E shuka (E-flat), ya Felix opus 12 ya 1829, ya Fanny ya 1834. Wote wawili walikuwa wamelewa Beethoven, na hawakuficha.

Felix anaanza polepole kidogo, anasafisha koo, kisha anaingia kwenye mwendo wake. Fanny anaanza polepole na anabaki hukohuko; sehemu nzima ya kwanza haina haraka, na ufunguo wenyewe unachelewa kujitambulisha. Ni kama mgeni aliyefunguliwa mlango, akabisha hodi, akabisha tena, na bado amesimama kizingitini akiangalia ndani. Felix aliipokea kazi hii akamwandikia mwanzoni mwa 1835 kwamba muundo wake unalegea na ufunguo unatangatanga. Kama mwalimu anayesahihisha daftari, alikuwa na haki. Mimi nimefundisha kwaya, najua ningeandika hivyohivyo kwa kalamu nyekundu. Ila huko kutangatanga ndiko kulikonifanya niirudie kwarteti ya Fanny mara nyingi kuliko opus 12. Sehemu ya tatu, Romanze, inaanza kwa upole kisha inazama mahali ambapo hukutegemea kabisa mtu wa 1834 afike.

Hakuandika kwarteti nyingine tena. Kuhusu jozi hii basi, nachagua Fanny. Felix nampa wanafunzi, hasa ile canzonetta, wimbo mdogo, ya sehemu ya pili, tamu kama kashata.

Piano peke yake

Felix ana Nyimbo Bila Maneno: vitabu 8, kila kimoja vipande 6, jumla 48. Kipande kimoja ni dakika tatu, nne. Unaweza kukisikiliza foleni ya benki ikisogea watu wawili. Kama unajifunza piano, chukua hivi, vingine havihitaji miaka kumi ya mazoezi, na kila kimoja kinajitosheleza. Fanny naye alichapisha vipande vya namna hiyo, na ni vigumu kusema nani kati yao alianza mtindo ule, kwa vile tangu utotoni walikuwa wanatumiana vipande vya piano kama wengine wanavyotumiana barua.

Lakini Fanny ana kitu ambacho Felix hana: Das Jahr, yaani Mwaka, aliouandika 1841. Vipande 12, kimoja kwa kila mwezi, na cha kumi na tatu cha kufungia. Yeye na mume na mtoto walikuwa wamerudi kutoka Italia, safari ya 1839 hadi 1840, ambako vijana wanamuziki wa Kifaransa waliokuwa Roma, Gounod akiwa mmoja wao, walimzunguka jioni wakimwomba apige tena. Huko hakuna aliyemwita pambo. Nakala safi aliiandika kwenye karatasi za rangi mbalimbali, kila mwezi na rangi yake, Wilhelm akachora picha mwanzoni mwa kila kipande, na beti za mashairi zikawekwa hapo. Kisha kazi ikalala. Das Jahr nzima ilichapwa kwa mara ya kwanza 1989.

Anza na Septemba. Kimepewa jina la mto, na ni mto kweli: mkono wa kulia unamiminika bila kupumzika, na tuni imewekwa katikati, chini ya maji, unaisikia ikipita kama samaki. Halafu ruka hadi Machi. Katikati ya kipande kinaibuka utenzi wa Pasaka, Christ ist erstanden; Desemba inaleta ule wa Krismasi, Vom Himmel hoch. Msomaji Mlutheri, ambaye vitabu vyake vya tenzi vina damu nyingi ya Kijerumani, anaweza kukuta shingo imeinuka yenyewe. Miezi yenyewe ni ya Ulaya bila shaka. Februari ni sherehe ya vinyago, wala si jua la kupasua mihogo.

Das Jahr huchukua kama dakika 50. Si ya foleni ya benki. Ni ya Jumapili mchana, umeme ukiwepo.

Unapochagua kaka ukapewa dada

Sasa ulinganisho wenyewe unaharibika. Felix alipochapisha opus 8 na opus 9, nyimbo za sauti na piano, ndani yake aliweka nyimbo sita za Fanny, tatu katika kila kitabu, kwa jina lake yeye Felix. Mwaka 1842 alialikwa kasri la Buckingham, London, na Malkia Victoria akaamua kumwimbia mgeni wimbo anaoupenda kati ya kazi zake. Akachagua “Italien”. Felix alimweleza mama yao baadaye kwamba ilimlazimu akiri mbele ya malkia: huo ni wa Fanny. Akamwomba aimbe na mmoja wa kwake kweli. Huwa najiuliza Fanny aliicheka habari hiyo, au alikaa nayo kimya.

Kisa cha pili ni cha juzi. Kuna Sonata ya Pasaka ya piano, ya mwaka 1828. Muswada ulijitokeza Paris mwaka 1970, ukarekodiwa kama kazi ya Felix, na baadhi ya wasikilizaji wakaisifia kwa nguvu zake za kiume. Mwaka 2010 mtafiti Angela Mace aliushika muswada wenyewe na kuonyesha kwamba mwandiko ni wa Fanny, na kwamba namba za kurasa zinaziba pengo lililokuwa kwenye daftari la Fanny lililojulikana. Tarehe 8 Machi 2017 sonata hiyo ilipigwa London kwa jina la mwenyewe. Hivyo ukitafuta kwenye simu, andika Fanny Hensel, ukikosa andika Fanny Mendelssohn, na ukiona rekodi ya zamani ya Sonata ya Pasaka yenye jina la kaka, sasa unajua.

Okestra

Hapa sina cha kulinganisha. Fanny ana ufunguzi mmoja wa okestra, muziki wa kufungulia, na kantata chache, yaani kazi za waimbaji na okestra. Felix aliandika okteti yake, kazi ya nyuzi ya watu wanane, akiwa na miaka 16, ufunguzi wa mchezo wa Shakespeare akiwa na 17, kisha konseto ya fidla, simfoni ya Scotland, na Eliya, kazi kubwa ya kwaya na okestra. Ukitaka sauti kubwa chukua Felix na usione haya. Okestra haijifunzwi chumbani. Lazima upewe watu sitini uwakosee mbele yao, urekebishe, uwakosee tena. Kaka alipewa.

Na Felix, alikuwa mbaya?

Mama yao alimwomba mwaka 1837 amtie moyo dada yake achapishe. Alikataa, akajibu kwamba Fanny ana nyumba na mtoto, na ndivyo inavyopasa. Mtu huyuhuyu, utotoni, hakuandika wazo la muziki bila kumpelekea Fanny kwanza alipime, na ukubwani aliendelea kumwogopa kama msikilizaji kuliko wakosoaji wote wa magazeti. Aliheshimu sikio lake, hakuheshimu jina lake likiwa dukani.

Julai 1846 Fanny hakungoja tena. Alimwandikia Felix kwamba akiwa na miaka 40 anawaogopa kaka zake kama alivyomwogopa baba akiwa na 14, na kwamba hata hivyo anachapisha. Baraka za Felix zilikuja Agosti. Opus ya 1, nyimbo sita, ilitoka mwaka huohuo. Alipata chini ya mwaka mmoja wa kuwa mtunzi mwenye jina.

Jozi ya mwisho

Tarehe 13 Mei 1847 Fanny aliandika wimbo uitwao “Bergeslust”, furaha ya mlimani. Kesho yake mchana alikuwa anafanyisha mazoezi ya Jumapili, kazi ya Felix ya kwaya, mikono ikaacha kutii kwenye piano. Kiharusi. Usiku hakuwepo tena. Felix alipopata habari alianguka. Kiangazi hicho, huko Uswisi, akaandika kwarteti ya F mdogo, opus 80, na tarehe 4 Novemba naye akafariki. Wamelazwa Berlin, kaburi kwa kaburi.

Felix ni mtu wa sentensi iliyonyooka na nguo iliyopigwa pasi. Opus 80 haina pasi. Inatetemeka kuanzia noti ya kwanza, inapiga kelele, skerzo yake si rasharasha tena, ni mtu anayepiga ukuta kwa ngumi. Ndiyo kazi pekee ya Felix ambayo, ukinifunika macho, ningeweza kusema ni ya mtu aliyekaa muda mrefu kwenye ukumbi ule wa bustanini.

“Bergeslust” ni dakika mbili tu, nyepesi, hakuna dalili yoyote ndani yake. Iweke hiyo kwanza. Opus 80 ifuate bila kusimama katikati.